Sungura wawili katika fleti ya Upanga: joto, hei na sakafu

Swali: Daktari, habari za kazi. Ninaishi na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 9, katika fleti ya ghorofa ya tatu hapa Upanga, Dar es Salaam. Mwezi uliopita tuliwanunulia watoto sungura wawili sokoni. Muuzaji alisema wote ni majike wa miezi mitatu. Tumewaweka kwenye tundu la waya kwenye roshani inayotazama magharibi, na tunawapa karoti, kabichi na pumba. Mchana wanalala tu huku wakihema haraka haraka, tundu linanuka mkojo, na asubuhi ninakuta kinyesi laini kinachong'aa. Je, sungura wanaweza kufugwa ndani ya nyumba kama yetu, na tubadilishe nini? Tena, tukienda Tanga kwa siku tatu, wanaweza kubaki peke yao?

Jibu: Ndugu msomaji, sungura wanaweza kuishi katika fleti, na wakitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Lakini hao wako wasikae kwenye roshani hiyo hata mchana wa leo. Kuhema haraka huku wamejilaza si usingizi, ni dalili kwamba joto linawazidi, na ndiyo maana nitaanza na joto kabla ya kufika kwenye chakula na tundu.

Kwanza lakini nieleze jambo moja ambalo litafafanua mengi ya yanayofuata. Karibu ushauri wote wa ufugaji wa sungura unaozunguka kwetu, ukiwamo ule ambao huenda muuzaji alikupa, umetungwa kwa ajili ya mfugaji wa nyama. Mfugaji huyo huchinja sungura akiwa na umri wa miezi michache tu. Anataka akue upesi, asitembee sana, na kinyesi kidondoke chenyewe chini ya banda. Kwa maisha mafupi kiasi hicho, sakafu ya waya haipati muda wa kuchubua nyayo hadi zioze, wala chakula chenye wanga mwingi hakipati muda wa kuharibu meno. Simlaumu, kwa kuwa hesabu zake ni sahihi kwa kazi yake. Wewe unafuga mnyama ambaye huenda akawapo bado wakati mwanao wa miaka 6 anapomaliza shule ya msingi, na kanuni nyingi za banda la nyama hugeuka kuwa madhara pale zinapohamishiwa sebuleni.

Sasa joto. Mwili wa sungura huwa na nyuzi kati ya 38.5 na 40, na mnyama huyu hawezi kujipoza kwa jasho kama sisi. Hupunguza joto kwa kupitisha damu nyingi katika masikio yake na kwa kuhema, basi. Hustarehe hewa ikiwa kati ya nyuzi 10 na 20, na ikipita 28 huanza kulemewa. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, mchana hufika nyuzi 32 na kupita, tena katika hewa nzito ya bahari, na roshani inayotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri mpaka linapozama, kisha kuta zake zikaendelea kutoa joto hadi usiku. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, ambako mababu zake huchimba mashimo na kujificha humo mchana kutwa. Si yule sungura wa nyika zetu, anayezaa juu ya ardhi na ambaye hana shimo. Mnyama wako, kwa hiyo, anatafuta mahali penye giza na ubaridi, na tundu la waya lililoning'inia juani halina hata kimoja kati ya hivyo.

Wahamishieni katika chumba kisichopata jua la alasiri, au kwenye korido ya ndani ikiwa ina hewa. Feni inasaidia, lakini si kwa namna ambayo wengi wanadhani. Feni humpoza binadamu kwa kukausha jasho lake. Sungura hana jasho la kukaushwa, kwa hiyo kumwelekezea feni usoni humkausha macho na pua bila kumpoza sana. Kazi yake ya maana ni kuitoa nje hewa ya moto, kwa hiyo ielekezwe dirishani au kando. Kutundika kitambaa kibichi mbele ya feni hufanya kazi nzuri Dodoma, ambako hewa ni kavu. Kwetu pwani, hasa mwezi Machi kabla ya masika, maji hayakauki upesi na faida yake ni ndogo. Kilicho bora kwa fleti ya Dar es Salaam ni chupa za plastiki za lita moja na nusu zilizojazwa maji na kugandishwa kwenye friji. Viringisha moja katika taulo nyembamba uilaze sakafuni, na sungura watakuja wenyewe kuiegemea. Uwe na chupa nne, mbili zikiwa kazini na mbili zikiganda, na umeme ukikatika alasiri utakuwa na akiba ya saa kadhaa.

Jifunze dalili za hatari. Sungura anayehema kwa mdomo, mwenye pua iliyolowa, masikio mekundu na ya moto, au anayeyumba anapojaribu kusimama, yuko katika hali ya kufa. Mpeleke mahali penye ubaridi, mpanguse masikio kwa maji ya baridi ya kawaida, yasiwe ya barafu, usimtumbukize katika beseni la maji, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja hata kama ameanza kuonekana nafuu.

Tukitoka kwenye joto, jambo la pili kwa uzito ni hei, yaani majani ya malisho yaliyokatwa na kukaushwa. Hujaitaja kabisa katika swali lako, na nadhani kukosekana kwake ndiko chanzo cha kile kinyesi. Meno ya mbele ya sungura hukua takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na magego yake nayo hayakomi kukua. Kinachoyasaga ni ule utafunaji wa kwenda kando unaohitajika kwa majani marefu yenye nyuzinyuzi. Karoti na pumba hazihitaji utafunaji huo. Magego yakirefuka hutengeneza ncha zinazochoma ulimi na mashavu, sungura akaacha kula kwa maumivu, na utumbo wake ukasimama. Nyuzinyuzi hizohizo ndizo zinazousukuma utumbo. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kila kilichoingia hakina njia nyingine isipokuwa kwenda mbele, na utumbo usiosukuma hujaa gesi. Hei iwe mbele yao usiku na mchana bila kupimwa, nayo iwe zaidi ya robo tatu ya vyote wanavyokula.

Hei si kitu kigeni. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Dar es Salaam na Pwani huinunua kwa marobota, na shamba la serikali la mbegu za malisho la Vikuge, karibu na Kibaha, ni mojawapo ya mahali panapojulikana kwa malisho hayo. Robota moja la kilo 15 linatosha sungura wawili wadogo kwa miezi miwili au zaidi, hata ukihesabu wanayoyakanyaga na kuyachafua. Tafuta hei yenye rangi ya kijani hafifu na harufu nzuri. Ikiwa ya kahawia, yenye vumbi linalokupandisha chafya au madoa meupe ya ukungu, iache hata ukipewa bure. Unyevu wa pwani huiharibu upesi, kwa hiyo usiifunge katika mfuko wa plastiki. Itie katika gunia la katani au la nguo, ilaze juu ya kichanja mbali na ukuta wa bafu. Lusini ni tamu na wataipenda, lakini ina kalisi nyingi ambayo kwa sungura aliyekomaa hujikusanya katika mkojo na kuwa kama chokaa, kwa hiyo wape kidogo tu wakiwa bado wanakua, kisha iache kabisa wakifika miezi sita hivi.

Kile kinyesi laini, basi. Sungura hutoa choo cha aina mbili. Kimoja ni vile vidonge vikavu vya mviringo unavyovifahamu. Kingine ni laini, chenye utelezi unaong'aa, kimeshikamana mfano wa kichala kidogo cha zabibu, na hicho hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka mkunduni, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri. Kimejaa protini na vitamini zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana, na sungura aliyezuiwa kukila hudhoofika. Kwa kawaida hupaswi kukiona. Ukikikuta sakafuni kila asubuhi, maana yake ni kwamba wanapata wanga na sukari nyingi kiasi cha kukiacha, au wamenenepa mno hata hawakifikii. Kwa sungura wenu ninatia shaka pumba na karoti. Lakini angalieni vizuri, kwa sababu choo cha majimaji kisicho na umbo, kwa sungura wa miezi mitatu, ni jambo jingine kabisa na huweza kumwua kwa siku moja au mbili. Mara nyingi husababishwa na koksidia, vimelea vya utumbo ambavyo sungura wa sokoni wengi huja navyo. Hata kama hawaharishi, wapelekeeni choo kikapimwe. Daktari wenu anaweza kukituma kwenye maabara kuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, iliyoko Temeke.

Badilisheni chakula kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, kwa maana bakteria wa utumbo hawapendi mageuzi ya ghafla. Leo anzeni kuweka hei, kisha pumba ipungue kila siku hadi iishe. Karoti ni sukari kuliko watu wanavyofikiri. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki kinatosha, ila majani yake wapeni kwa ukarimu. Majani ya giligilani, mashona nguo iliyooshwa vizuri na nyasi mbichi safi zisizokatwa kando ya barabara ni chakula kizuri cha kila siku. Kabichi na sukuma wiki ziwe kidogo, mchicha usiwe wa kila siku. Chakula cha punje cha dukani kisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa sungura kwa siku. Wali, ugali, mkate na biskuti za watoto visipite mdomoni mwao kabisa. Kisamvu kibichi kina sumu ya sayanidi. Parachichi, tunda na majani yake, ni hatari. Kadhalika majani ya mnyanya na ya viazi mviringo. Kagueni pia vyungu vya maua, kwa kuwa difenibakia (ua la majani mapana yenye madoa meupe) na mnyaa ni mimea ya kawaida sana katika nyumba za mjini na yote miwili hudhuru.

Maji yawe katika bakuli zito la udongo, si chupa ya kunyonya peke yake, kwa maana sungura hunywa zaidi kwenye bakuli, na kwenye joto la Januari kila tone lina thamani.

Tundu msilitupe, ila likome kuwa nyumba na libaki kuwa chumba cha kulala. Nyayo za sungura hazina zile pedi za paka na mbwa, zina manyoya tu, na waya huyachakaza hadi ngozi ikatoka vidonda ambavyo hupona kwa shida. Wekeni ubao juu ya waya na jamvi juu ya ubao. Mlango uwe wazi, na mbele yake mzungushie uzio mwepesi wa chuma wenye kimo cha mita moja. Miongozo ya Uingereza ya ustawi wa sungura inataka eneo la mita 3 kwa 2 kwa jozi moja, ambalo huwa wazi kwao wakati wote. Katika fleti za Upanga hilo ni sehemu kubwa ya sebule, ninakubali. Njia ninayoipendekeza ni eneo dogo zaidi la kudumu pamoja na kuwaachia chumba kizima alfajiri na kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwani hizo ndizo saa zao za kukimbia. Mchana hawahitaji kuchokozwa.

Vigae vina sura mbili. Kwa joto ni neema, kwani sungura hulaza tumbo juu yake akapoa. Kwa kukimbia vinateleza, miguu ya nyuma ikatanuka na viungo vikaumia. Acheni pembe moja ya vigae vitupu na sehemu iliyobaki mtandike mkeka. Mkeka wa ukili watautafuna, nao hauna madhara isipokuwa kwa mfuko wako. Ule wa plastiki wa rangi rangi usitumike, kwa sababu vipande vyake huziba utumbo. Nyaya za umeme ndizo ninazozihofia zaidi. Sungura hukata waya wa chaja kwa ng'ato moja, kwa hiyo pitisheni nyaya zote za chini ndani ya mabomba ya plastiki ambayo mafundi umeme huyafukia ukutani, au ziinueni zisifikike. Wapeni cha kutafuna badala yake, kama matawi ya mpera yasiyopigwa dawa, na boksi la karatasi ngumu lenye matundu mawili, moja la kuingilia na jingine la kukimbilia.

Kuhusu harufu, sungura ni msafi kuliko tundu lake linavyoonyesha. Huchagua pembe moja na kuifanya choo. Itazameni pembe hiyo kwa siku mbili, wekeni hapo beseni pana la plastiki lenye magazeti yaliyochanwa chini na hei juu, kwa kuwa hupenda kula na kujisaidia kwa wakati mmoja. Maranda ya mbao zenye harufu kali na mchanga wa paka unaoganda visitumike. Mkibadilisha beseni kila siku na kulisugua kwa siki, ambayo huyeyusha ule mkojo uliogeuka chokaa, wageni hawatajua kwamba mna sungura. Msishtuke mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa au mwekundu hafifu siku moja moja, maana rangi za majani hupita humo. Damu yenyewe huonekana kama mabonge au michirizi, na hiyo ni ya kupelekwa kwa daktari.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hukulitarajia. Neno la muuzaji kwamba wote ni majike lisiaminiwe. Katika umri wa wiki chache ni rahisi kukosea jinsia hata kwa mtu mwenye mazoea, na dume huweza kupanda akiwa na miezi minne. Mimba ni takriban siku 31, na jike huweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa. Mtafuteni daktari athibitishe wiki hii. Wakiwa dume na jike, watenganisheni kwa uzio wanaoweza kuonana, kisha dume ahasiwe. Hata baada ya upasuaji asirudishwe kwa jike kabla ya wiki sita, kwani mbegu zilizobaki bado huweza kutunga mimba. Wakiwa majike kweli, wanaweza kukaa pamoja, ila wakikomaa watagombana, na jike asiyetolewa kizazi yuko katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba anapopita miaka mitatu au minne. Upasuaji huo unataka daktari aliyezoea kulaza sungura usingizi. Muulize waziwazi ameshafanya kwa sungura au kwa mbwa na paka tu, na akikuambia umnyime sungura chakula usiku kabla ya upasuaji, tafuta mwingine, kwa sababu mnyama asiyetapika hana haja ya kufungishwa na utumbo wake haupaswi kuwa mtupu. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mahali pa kuuliza mkikosa mtu karibu.

Watoto wafundishwe kukaa chini mkekani na kumwacha sungura awafuate. Kumwinua kwa masikio, kama inavyofanyika sokoni, humuumiza. Hata kumbeba mikononi bila kumshika matako ni hatari, kwa sababu miguu yake ya nyuma ina nguvu na mifupa yake ni myepesi, kiasi kwamba teke moja hewani huweza kumvunja uti wa mgongo. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, na afanye hivyo mtu mzima. Wanawe mikono baadaye, maana mashilingi (ukungu wa ngozi wenye mabaka ya mviringo) na utitiri wa ukurutu huweza kuhamia kwa mtoto.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali. Amoksilini na ampisilini za kabatini zinapomezwa na sungura huua bakteria wema wa utumbo wake, naye hufa baada ya siku chache. Dawa ya kupuliza kupe na viroboto yenye fiproni, iliyo salama kwa mbwa, imeua sungura wengi. Ukurutu na utitiri wa masikio hutibika kwa aivamektini, lakini kwa kipimo cha daktari. Na sungura asiyekula wala kupata choo kwa saa 12 hasubiri kesho.

Kwa safari ya Tanga, hapana, wasibaki peke yao siku tatu. Maji yakimwagika asubuhi ya kwanza, au mmoja akiacha kula jioni ile, hakuna atakayejua. Jirani aje asubuhi na jioni, aongeze hei, abadilishe maji na chupa za barafu, na aangalie kama beseni lina vidonge vipya. Mwachieni namba ya daktari na hela ya teksi. Kuwachukua kwenye basi ni mateso kwao, isipokuwa mkisafiri kwa gari lenu usiku kukiwa na ubaridi, ndani ya boksi la kubebea lenye hei na kipande cha tango cha kuwapa maji njiani.